Kreti, dijitaiza au Arduino? Kuchagua mfumo wa kukusanya data ya chembe

Umeifunga plastiki ya sintileta, ile inayotoa mmweko wa mwanga chembe inapopita ndani yake, kwa karatasi ya alumini, ukaizungushia nailoni nyeusi mpaka hakuna upenyo wa mwanga, ukabandika mrija wa kuzidisha mwanga upande mmoja, ukapandisha volti polepole. Kwenye kioo cha oskiloskopu mstari unachomoka kwenda chini na kurejea. Kimya. Kisha tena. Nyingi ya hizo ni muoni, chembe zinazozaliwa juu angani miale ya kosmiki inapogonga hewa. Usawa wa bahari, kila sentimita ya mraba ya meza yako hupitiwa na moja hivi kila dakika.

Sasa unataka kuzihesabu na kuziandika kwenye faili, na hapo ndipo ushauri unapoanza kugongana. Mwalimu aliyesomea shahada yake miaka ya themanini anakwambia utafute kreti, sanduku la chuma la kuchomekea moduli za elektroniki. Mwenzako aliyerudi Ulaya juzi anasema siku hizi ni dijitaiza tu, kifaa kinachogeuza voltiji kuwa namba. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ana Arduino, bodi ndogo ya kompyuta, mfukoni na haelewi mnabishana nini. Wote watatu wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe.

Swali ninalopendelea kuanza nalo ni hili: unakubali kutupa nini, na utupe lini? Kwa maana mfumo wa kukusanya data, licha ya jina lake, kazi yake kubwa ni kutupa. Katika LHC, mashine ya kugonganisha chembe pale CERN, maabara iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mafungu ya protoni hupishana mara milioni 40 kwa sekunde. Jaribio la CMS huanza kwa saketi maalumu ambazo, ndani ya maikrosekunde zisizofika 4, huchagua matukio yasiyozidi 100,000 kwa sekunde. Kompyuta zinazofuata hupunguza tena mpaka yakabaki elfu chache tu ya kuhifadhiwa. Jirani yake LHCb, tangu 2022, ameiondoa ile hatua ya kwanza ya saketi. Data yote, kiasi cha terabaiti 4 kwa sekunde, hupelekwa kwenye kompyuta zenye kadi za michoro kama zile za wachezaji wa gemu, na programu ndiyo inayoamua. LHCb naye hutupa sehemu kubwa mno ya data. Tofauti ni kwamba anatupa baadaye, akiwa ameshaliona tukio zima. Kigunduzi cha Super-Kamiokande huko Japani, tangi kubwa la maji la kunasia neutrino, kilipita njia hiyo mapema zaidi: tangu 2008 kila mpigo wa kila mrija husomwa, na uchaguzi hufanywa na programu.

Maabara yako haina terabaiti. Ina mipigo saba kwa sekunde, pengine mia mbili pamoja na kelele. Hata hivyo uamuzi ni uleule.

Vigezo

Nitapima kila chaguo kwa mambo manne.

Kwanza, saa yake: muda mfupi kabisa inaoweza kuutofautisha. Hapa nitatumia kazi mbili za kawaida kama mizani. Moja ni kupima maisha ya muoni. Muoni ikisimama ndani ya plastiki hutoa mpigo, na baada ya maikrosekunde 2.2 kwa wastani huoza na kutoa elektroni yenye mpigo wa pili. Kazi nyingine ni sadifa: vipande viwili vya plastiki kimoja juu ya kingine, na unahesabu pale tu vyote viwili vinapopiga kwa pamoja, ili ujue chembe ilitoka upande gani.

Pili, muda mfu, yaani kipindi ambacho mfumo umeshughulika na tukio moja na haulioni linalofuata. Ikiwa matukio halisi ni n kwa sekunde na muda mfu ni τ, unachorekodi ni n ukigawa kwa (1 + nτ). Kwa matukio 1,000 kwa sekunde na muda mfu wa maikrosekunde 100, unabaki na 909. Kwa matukio 7 kwa sekunde, muda mfu huohuo hukupotezea chini ya tukio moja katika kila elfu. Fanya hesabu hii kabla hujavutiwa na kasi yoyote iliyoandikwa kwenye tangazo.

Tatu, kinachobaki: ukigundua mwezi ujao kwamba kizingiti chako, yaani kiwango cha volti ambacho mpigo lazima ukivuke ili uhesabiwe, kilikuwa kibaya, unaweza kurudi nyuma?

Nne, umeme, fedha na fundi. Kwetu hili la nne huamua mengi kuliko vitabu vinavyokiri.

Kreti za NIM, CAMAC na VME

NIM ni kanuni ya mwaka 1964 ya kutengeneza moduli za elektroniki za maabara za nyuklia. Kreti ina nafasi 12 na hutoa volti za chanya na hasi za 6, 12 na 24. Ndani yake unachomeka moduli: moja inalinganisha mpigo na kizingiti, nyingine inatafuta sadifa, nyingine inafungua dirisha la muda wa kupima, nyingine inahesabu. Ishara ya "ndiyo" ni volti hasi 0.8 kwenye ukinzani wa omu 50. Kwa sababu kila mtengenezaji aliifuata kanuni hiyo, moduli ya miaka ya sabini inakaa kwenye kreti ya leo na kufanya kazi. Vifaa vichache vya elektroniki vina heshima ya namna hiyo kwa wazee wao.

NIM huamua tu, haipeleki namba kwenye kompyuta. Kwa hilo kuna CAMAC ya 1969, inayopitisha neno moja la biti 24 kila maikrosekunde, sawa na megabaiti 3 kwa sekunde, na VME ya miaka ya themanini inayofika megabaiti 40 na zaidi.

Saa yake ni nzuri sana. Dirisha la sadifa la nanosekunde 50 ni jambo la kugeuza skrubu. Faida yake inaonekana ukihesabu sadifa za bahati mbaya, ambazo ni mara mbili ya upana wa dirisha, zidisha kwa mipigo kwa sekunde ya kigunduzi cha kwanza, zidisha kwa ile ya kigunduzi cha pili. Vigunduzi viwili vyenye mipigo 200 kwa sekunde kila kimoja, kwa dirisha hilo, vitakupa sadifa ya uongo moja kila dakika nne. Hiyo unaivumilia. Maisha ya muoni nayo ni kazi ambayo kreti huifanya bila taabu: mpigo wa kwanza unaanzisha saa, wa pili unaisimamisha.

Wakati mantiki inaamua, mpigo wenyewe lazima usubiri mahali, na mahali pa kusubiri ni kebo. Ishara husafiri mita moja kwa nanosekunde 5, kwa hiyo uamuzi wa nanosekunde 60 unadai mita 12 za kebo iliyokunjwa na kutundikwa ukutani. Usidanganyike kununua kebo ya antena ya televisheni kwa sababu inafanana na iko kila duka. Ile ni ya omu 75. Ukiichomeka kwenye mfumo wa omu 50, sehemu moja ya tano ya mpigo hurudi ilikotoka.

Muda mfu wa kreti za CAMAC si mdogo. Moduli ya kupima chaji huchukua makumi ya maikrosekunde kugeuza mpigo kuwa namba, kisha kompyuta inasoma. Uzuri wake ni kwamba muda huo unajulikana: unaweka hesabu moja ya matukio yaliyoomba kusomwa na nyingine ya yaliyokubaliwa, unagawa, umemaliza. Wanafunzi wanaojifunza kusahihisha muda mfu hapa hawasahau tena.

Kinachobaki ni kidogo. Una namba ya chaji na namba ya wakati. Umbo la mpigo limekwenda, na matukio yaliyoshindwa kuvuka kizingiti hayakuandikwa popote.

Kwenye umeme na fundi ndipo panapohitaji macho manne. Kreti hula mamia ya wati na feni zake hunguruma mchana kutwa. Mpya ni ghali, lakini zilizotumika hutolewa bure na maabara za Ulaya na Marekani zinazosafisha stoo, na vyuo vyetu huzipokea kwa shukrani. Pokea, ila usikubali mbuzi kwenye gunia. Kreti ya CAMAC bila kidhibiti chake, au yenye kidhibiti kinachotaka kadi ya kompyuta ya miaka ya tisini, ni kabati la chuma lililolipiwa mizigo na forodha. Kabla ya kusaini barua ya kupokea msaada, uliza mambo mawili: kidhibiti kinaunganishwa na kompyuta kwa njia gani, na kuna mtu aliyeiwasha mwaka huu? Kikiwa cha USB au Ethernet, umepata mali. Kama sivyo, chukua moduli za NIM tu na uwaachie CAMAC yao.

Upande wa kuharibika, moduli za zamani zina vipande vinavyoonekana kwa macho na kubadilishwa kwa chuma cha kulehemu. Kapasita iliyovimba kwenye ugavi wa umeme ni ugonjwa anaoujua fundi yeyote wa redio.

Kreti inamfaa mwalimu anayetaka wanafunzi waguse kila hatua ya uamuzi kwa oskiloskopu, na maabara yenye chumba cha kudumu na umeme wa kuaminika. Haimfai anayetaka kuhamisha kifaa, wala asiye na mtu wa kukaa nacho miaka.

Dijitaiza

Hapa wazo limegeuzwa: badala ya kuamua kwanza halafu kupima, unapima voltiji mfululizo, mara mamilioni kwa sekunde, na chipu ya FPGA, ambayo mantiki yake huandikwa upya kwa programu, inaangalia kama kuna kitu cha kuhifadhi. Umbo zima la mpigo linabaki.

Ziko za aina mbili, na kuzichanganya ni kosa la gharama. Aina ya kwanza hupima bila kusimama. Red Pitaya STEMlab 125-14 kutoka Slovenia ina chaneli mbili, biti 14, na sampuli milioni 125 kwa sekunde, yaani moja kila nanosekunde 8. DT5730 ya kampuni ya CAEN ya Viareggio, Italia, ina chaneli 8 na sampuli milioni 500 kwa sekunde. Aina ya pili hutumia chipu kama DRS4 ya taasisi ya PSI, Uswisi, iliyotengenezwa kwa ajili ya jaribio la MEG. Hii hufika sampuli bilioni 5 kwa sekunde, kwa kuhifadhi voltiji kwenye kapasita 1,024 zilizojipanga kwa duara, kisha inasimama na kuzisoma taratibu.

Mtu akisoma "bilioni 5" huona ameshinda. Lakini kapasita 1,024 kwa kasi hiyo ni dirisha la nanosekunde 205 tu. Ukiipunguza hadi sampuli milioni 700 kwa sekunde, unapata maikrosekunde 1.46. Maisha ya muoni ni 2.2. Kwa hiyo kifaa chenye saa kali kuliko vyote kwenye ukurasa huu ndicho hakiwezi, chenyewe, kuona mpigo wa kwanza na wa pili pamoja kwa muoni wa kawaida. Red Pitaya yenye kasi ndogo mara 40 ina bafa, yaani kumbukumbu ya muda, ya sampuli 16,384, sawa na maikrosekunde 131, na inaifanya kazi hiyo bila jasho. Geuza kazi, na matokeo yanageuka: ukitaka kupima muda wa muoni kusafiri mita moja, ambao ni nanosekunde 3.3, DRS4 ndiyo yako na sampuli za nanosekunde 8 zitakuhangaisha.

Muda mfu wa aina ya kwanza unakaribia sifuri mpaka njia ya kutoa data izibwe. Na huzibwa upesi: sampuli milioni 500 za baiti mbili ni gigabaiti moja kwa sekunde kwa kila chaneli, huku USB 2.0 ikipitisha makumi ya megabaiti. Kizingiti kinarudi palepale, sasa kikiwa ndani ya FPGA. DRS4 nayo ni kipofu kila inaposomwa.

Kinachobaki ndicho kinachonifanya niipende aina hii kuliko inavyostahili mfuko wangu. Mwezi wa tatu wa jaribio ukigundua kwamba mipigo miwili iliyokaribiana ilikuwa inahesabiwa kuwa mmoja, unarudi kwenye faili na kuihesabu upya. Mipigo iliyokaa chini ya kizingiti cha awali haitarudi, kwa hiyo weka kizingiti hicho chini kadiri diski inavyoruhusu. Nayo diski si tatizo kubwa. Matukio 10 kwa sekunde, kila moja sampuli 1,024 za baiti mbili, ni gigabaiti 1.8 kwa siku. Ungeandika baiti 8 tu za wakati na chaji kwa kila tukio, ungekuwa na megabaiti 7. Tofauti ni kubwa, lakini zote mbili zinaingia kwenye diski ya mfukoni.

Kuna hadithi ya kweli inayonirudia kila ninapoona mtu anatupa data mapema. Bruno Rossi, Mwitaliano aliyebuni saketi ya sadifa kwa mirija ya redio mwaka 1930, alikwenda Asmara, Eritrea, mwaka 1933 kupima kama miale ya kosmiki huja zaidi kutoka magharibi kuliko mashariki. Ilikuja zaidi kutoka magharibi, ishara kwamba chembe zinazoingia angani zina chaji chanya. Lakini alipokuwa akikagua sadifa za bahati mbaya, kwa kuvitenga vigunduzi mbali kimoja na kingine, aliona ziko nyingi kuliko hesabu ilivyoruhusu. Aliandika kwamba mara mojamoja manyunyu mapana ya chembe huonekana kuvipiga vigunduzi vyote kwa pamoja. Hayo manyunyu ndiyo Pierre Auger aliyoyachunguza kwa kina mwaka 1938. Yalipatikana ndani ya hesabu ya takataka, na mtu ambaye hangeihifadhi hesabu hiyo asingeyaona.

Turudi kwenye fedha. Red Pitaya ni mamia ya dola na inaendeshwa kwa chaja ya volti 5. Ile ya CAEN ni maelfu ya euro. Ikiungua, hakuna fundi mtaani. Inarudi ilikotoka, na wewe unasubiri forodha mara mbili. Cheche moja kutoka mrija wenye volti elfu moja inatosha kuiunguza, kwa hiyo diodi mbili za kinga kwenye mlango wa kuingilia si anasa. Tena Red Pitaya ina ukinzani wa omu milioni moja kwenye mlango huo. Bila kuweka kizuizi cha omu 50 mwishoni mwa kebo, mpigo unadunda kwenda na kurudi, na kebo ya mita 10 itakuletea mwangwi kila nanosekunde 100. Kwenye grafu ya maisha ya muoni, miangwi hiyo inaonekana kama muoni nyingi zinazokufa changa.

(Ukishaiondoa miangwi na bado unapata 2.1 badala ya 2.2, usikilaumu kifaa. Muoni hasi hunaswa na kaboni iliyo ndani ya plastiki na kuishi muda mfupi kidogo. Umepima sawasawa.)

Dijitaiza inamfaa mtafiti wa shahada ya juu anayetaka kuchapisha, mwenye kujua programu kuliko kulehemu, na anayejua kwamba maswali yake yatabadilika njiani.

Arduino na jamaa zake

Mfano unaojulikana zaidi ni CosmicWatch, uliobuniwa MIT na Spencer Axani na wenzake: kipande cha plastiki cha sentimita 5 kwa 5, kihisi-mwanga cha silikoni badala ya mrija, na Arduino Nano. Wabunifu wanakadiria gharama ya dola 100 hivi kwa kigunduzi kizima. Mpigo wa kihisi ni mfupi mno kwa Arduino, kwa hiyo saketi ndogo hushikilia kilele chake kikae muda wa kutosha kupimwa.

Saa yake ndiyo sehemu dhaifu. Amri ya kawaida ya kusoma maikrosekunde kwenye bodi ya megahezi 16 hupiga hatua ya maikrosekunde 4. Maisha ya muoni ni nusu ya hatua hiyo, hivyo anayejaribu kuyapima kwa amri hiyo anapima hewa. Ukiingia ndani na kutumia kipima muda cha chipu yenyewe, hatua inashuka hadi nanosekunde 62.5 na kazi inawezekana, ila sasa unaandika programu ya mtu mzima. Sadifa nazo zinategemea ukubwa wa kigunduzi. Tuseme dirisha ni maikrosekunde 30. Kwa vigunduzi vidogo vyenye mipigo 2 kwa sekunde, sadifa ya uongo ni moja kwa zaidi ya saa nzima. Kwa vile vikubwa vya mipigo 200 kwa sekunde, ni zaidi ya mbili kila sekunde, na vipimo vyako vimezama.

Muda mfu hutoka mahali wengi wasipopatazama: waya wa kwenda kwenye kompyuta. Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, waya huo hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Ukichapisha mstari wa herufi 40 kwa kila muoni, huwezi kuzidi matukio 24 kwa sekunde hata ufanye nini. Badilisha namba hiyo iwe 115,200 na umepata mara kumi na mbili bila kutumia senti.

Kinachobaki ni mstari wa maandishi: wakati na urefu wa mpigo. Unatosha kwa kuhesabu.

Kwa umeme, fedha na fundi, hakuna anayeisogelea. Inaishi kwa pawabanki. Bodi ziko kwenye maduka ya elektroniki ya miji mikubwa, kihisi tu ndicho cha kuagiza. Ikifa, nunua nyingine mchana huohuo. Tena inabebeka: idadi ya muoni huongezeka kadiri unavyopanda, na hakuna atakayebeba kreti ya VME mpaka Uhuru, mita 5,895, lakini sanduku la ukubwa wa pakiti ya unga wa chai linaingia kwenye begi lolote. Tahadhari ya pekee ni saa ya bodi: kosa la asilimia 0.1 ni sekunde 86 kwa siku. Ukitaka kulinganisha vigunduzi vya miji miwili, ongeza kipokezi cha GPS kinachopiga mara moja kila sekunde.

Inazifaa shule za sekondari, mafunzo ya muda mfupi, na yeyote anayehitaji vigunduzi kumi vya wastani kuliko kimoja kizuri.

Neno kuhusu programu

Kwa kreti na dijitaiza kubwa, MIDAS ya PSI na maabara ya TRIUMF ya Kanada ni ya bure, hukaa kwenye Linux, na hutumika hata kwenye kigunduzi cha karibu cha T2K, jaribio la neutrino la Japani. Ilitumika pia kwenye Muon g-2 la Fermilab, Marekani, mpaka lilipomaliza kukusanya data mwaka 2023. Siku mbili tatu za mwanzo zitakuchosha. Uzuri wake ni kwamba kila mpangilio, volti na kizingiti vikiwemo, huhifadhiwa pamoja na data bila wewe kukumbuka. Kwa Arduino, MIDAS ni kuua sisimizi kwa nyundo. Skripti ya Python ya mistari thelathini inatosha, mradi iandike mipangilio hiyo juu ya kila faili.

Iandike pia saa kwa UTC. Nimewahi kukaa jioni nzima na daftari la maabara lililosema "volti zimepandishwa saa tatu", nisijue mwandishi alisoma saa ya mkononi au aliandika kwa Kiswahili. Data ya asubuhi na ya alasiri zote zilikuwa na mruko.

Kulingana na hali yako

Umeme ukikatika mara kwa mara na huna betri kubwa, kreti ina kazi ngumu. Kila ikizimwa, volti za mrija na joto la moduli vinahitaji muda kutulia, na saa nzuri za data zinapotea. Red Pitaya yenye betri ya gari, au Arduino, itakupa mwezi mzima usio na mapengo.

Kama lengo ni somo la maabara la mwaka wa tatu na chuo tayari kina kreti ya NIM stoo, itoe vumbi. Changanya: acha NIM ifanye kizingiti na sadifa, kisha ishara ya "ndiyo" iende Red Pitaya isome mipigo. Ishara ya NIM ni volti hasi, kwa hiyo ukiipeleka kwenye Arduino pitia kigeuzi kwanza. Mchanganyiko huu haupendwi na wauzaji, lakini mimi ndio ninaouona ukidumu.

Ukitaka kurudia kipimo cha Rossi cha mashariki na magharibi, sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati, kwa maana huku ndiko tofauti ilipo kubwa. Tofauti yenyewe ni ndogo kwa muoni za usawa wa bahari, hivyo unahitaji plastiki pana na wiki nyingi za kuhesabu. Saa kali si muhimu; sadifa safi na mfumo usiozimika ndivyo muhimu. NIM yenye umeme wa kudumu au dijitaiza ndogo zitafaa, na Arduino itaweza ikiwa kila kigunduzi ni kidogo na viko vingi.

Ukipewa ruzuku ya mara moja na hujui utafiti utaelekea wapi baada ya miaka miwili, weka fedha kwenye dijitaiza inayopima bila kusimama, yenye chaneli chache, na ubakize sehemu kwa kifaa cha akiba. Moja iliyoungua bila mbadala ni mwaka wa mwanafunzi uliopotea.

Na kama bado hujaamua kigunduzi chenyewe, usiagize chochote kati ya hivi. Azima oskiloskopu alasiri moja, uandike urefu wa mpigo kwa milivolti, upana wake kwa nanosekunde, na idadi yake kwa sekunde kwenye vizingiti vitatu tofauti. Kisha usome upya sehemu ya vigezo ukiwa na namba hizo mkononi.